Kidole Gumba cha Mzee Elphas

Kavetsa mwenyewe hakuwa mchezaji. Wengi waliopita katika chumba chake cha gemu pale Yamumbi hawakulijua hilo, kwa sababu alizijua gemu zote kwa majina na aliweza kufungua padi ya kuchezea iliyokwama na kuirekebisha huku akiongea na mteja mwingine. Alitoka Vihiga akiwa msichana, akafanya ukarani mahali pa kupokea maziwa kule Moiben, na kazi hiyo ilipoisha akanunua televisheni mbili kuukuu na mashine za kuchezea, akakodi chumba kilichokuwa cha kinyozi. Walimwita Mama Ashley, kwa jina la bintiye.

Mchana, watoto wakiwa shuleni, wateja wake walikuwa watu wazima: waendesha boda boda waliokimbia mvua, na mafundi waliokosa kibarua. Yeye aliketi kwenye stuli kando ya televisheni, akiwatazama wachezaji nyuso, maana skrini yenyewe alishaichoka. Ndivyo alivyokuja kuona kwamba wanaoshindana hunyamaza, huinama mbele, na kila mara huiba jicho kuangalia mikono ya mwenzao. Wanaocheza upande mmoja huongea bila kukoma, na macho yao hayatoki kwenye mpira. Hawaangaliani kabisa.

Wateja wake wa kudumu walikuwa wawili, wote wamepita miaka hamsini. Mungai alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, na akitaka kucheza alimwachia mkewe, Muthoni. Elphas alikuwa mwashi. Walishindana gemu ya mpira kwa uchungu kana kwamba wanagombea shamba, hadi siku Mungai alipoitupa padi ukutani. Kavetsa aliwaambia tangu siku hiyo watacheza upande mmoja dhidi ya mashine, au watafute mahali pengine. Walinung'unika, wakakubali.

Kukawa na amani. Mungai alishambulia, Elphas akalinda. Hata Elphas alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kugonga kichwa kwenye mbao, alikuja kucheza siku iliyofuata, akasema ni kauvimbe tu. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma, akawa ananunua dawa kwa chemisti. Timu yao nayo ikaanza kufungwa kupitia upande wake. Mungai hakulalamika. Alimwambia tu, "Hiyo upande niachie mimi," na akawa anarudi nyuma kuziba. Kavetsa aliyaona hayo, akafurahi kwamba wazee hawa hatimaye wamejifunza kusaidiana.

Alasiri moja ya mvua Mungai alisema amechoka na mashine. Aliomba washindane mara moja tu, na Kavetsa akawaruhusu kwa sababu walikuwa wametulia siku nyingi. Mchezo ulipoanza aliuona uso wa Mungai ukirudi kuwa ule wa zamani, shingo mbele, jicho likiruka kwenye mikono ya Elphas. Mungai alifunga bao, akafunga la pili. Akapata mpira tena mbele ya lango lililo wazi, na hapo mchezaji wake akasimama. Mungai alikuwa ameweka padi chini.

"Elphas, hicho kidole kimefanya nini?"

"Kidole gani?"

"Gumba, mkono wa kushoto. Unasukuma na hakiendi. Mimi nakujua, hiyo njia hujawahi kuniachia hata siku moja."

Elphas alisema ni baridi. Mungai alimwambia afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele yake. Ndivyo wauguzi walivyompima mama yake Mungai alipopatwa na kiharusi. Elphas alitii, akitabasamu kidogo. Mkono wa kulia ulibaki juu. Wa kushoto ulishuka polepole hadi karibu na goti, na yeye, macho yamefumbwa, akauliza kama wameridhika.

Kavetsa alizima mashine, akafunga mlango, akapiga simu kuita gari.

Hospitalini mjini walionyeshwa picha: damu ilikuwa imejikusanya chini ya fuvu tangu siku ile ya kuanguka, na ilikuwa inaukandamiza ubongo. Walimpasua kesho yake. Nanzala, mkewe Elphas, aliketi kwenye benchi na Kavetsa na Mungai wakisubiri. Alisema, bila kuulizwa, kwamba wiki hizo zote alikuwa akimfungia mumewe vifungo vya shati, akidhani ni uchovu wa kazi. Mungai akasema naye alikuwa akimzibia tu. Kavetsa alikumbuka ni nani aliyewaweka upande mmoja. Alienda kutafuta chai.

Elphas alipona, ingawa alirudi Yamumbi na kovu kichwani na mkono mzito. Daktari alimwambia aufanyishe mazoezi kila siku. Siku aliyoingia chumba cha gemu, Kavetsa alikuwa amewawekea mchezo wa upande mmoja. Elphas alitikisa kichwa.

"Badilisha, Mama Ashley. Nikiwa na yeye ananificha. Wacha anipige."

Mungai alimpiga. Alimfunga mabao hadi waendesha boda boda wakaona aibu kutazama, na baada ya kila mchezo alimwambia kidole kimefika wapi: leo kinakwenda mbele, kurudi bado. Elphas alikuwa akienda nyumbani na maneno hayo, Nanzala akimshikia mpira wa kufinya. Shati alijifunga mwenyewe, polepole.

Mvua za msimu zilipokuwa zinaisha, Elphas alishindwa kwa bao moja tu. Alidai lilikuwa la kuotea. Mungai alisimama, Elphas naye akasimama, na sauti zao zikafika ng'ambo hadi dukani kwa Muthoni. Kavetsa aliwaambia wapunguze kelele, akachukua padi kutoka mkononi mwa Mungai kabla hajapata wazo lolote, kisha akaenda kumhudumia mteja mwingine.