Namba ya Simu kwenye Pezi

Verlin Kaufhold ananichosha, na nimeshamwambia hivyo usoni. Miaka tisa tunarusha roketi za karatasi pamoja kila Jumamosi kwenye malisho ya mkulima Ochs, huku Kansas, na sijawahi kumwona akisikia la mtu.

Majira ya baridi yaliyopita alifiwa na nduguye, Dwayne. Walikuwa wawili tu, hakuna aliyeoa. Badala ya kulia kama watu, Verlin alijifungia gereji miezi mitatu akaunda nakala ya roketi waliyoijenga utotoni, mwaka 1971. Ilibaki picha moja. Akapima kila kitu kwa rula na kioo cha kukuzia: mapezi ya mkiani ya mbao nyepesi, pua nyekundu, hata mstari mweusi uliokwenda upande kwa sababu mkono wa Dwayne uliteleza. Naye akaupindisha vilevile.

Sheria yetu ni kwamba kila roketi iandikwe namba ya simu, ili atakayeiokota akupigie. Siku ya kurusha niliikagua, maana ukaguzi ni kazi yangu. Namba haikuwa yake.

"Hii ya nani?"

"Ya nyumbani. Kwa mama."

"Mama yako kafa lini, Verlin?"

"Ndiyo iliyokuwa kwenye pezi," akasema. "Ile ya kwanza ilipotea, Orrin. Mimi na Dwayne tulikaa kando ya simu kiangazi kizima. Hakupiga mtu."

Nikaliacha hilo, nikashika parachuti. Upepo wa huku si wa kuchezea, kwa hiyo sote hutoboa tundu katikati ya parachuti ili roketi ishuke haraka. Yake ilikuwa nzima.

"Toboa, mzee."

"Ya kwanza haikuwa na tundu."

"Ndiyo maana ikapotea, kichwa ngumu wewe."

"Nataka hii hii, ilivyokuwa, na nirudi nayo nyumbani. Basi. Bonyeza."

Nikabonyeza. Nisiwe mnafiki, ilipanda imenyooka vizuri sana. Parachuti ikafunguka, ikakamata hewa ya joto, na badala ya kushuka ikazidi kwenda, juu ya mtama, juu ya barabara, hadi ikawa nukta. Verlin akaifuata kwa miguu. Alirudi jua linazama, suruali imejaa miba, mikono mitupu. Hakugusa hata soseji tuliyomwekea. Roho iliniuma, na hasira nilikuwa nayo pia.

Wiki ya tatu niliiona mwenyewe, imenasa kwenye seng'enge maili nne kutoka malishoni, pezi moja limevunjika. Ningempelekea palepale, lakini sijui nini kilinituma, nikapiga kwanza ile namba. Sheria ni sheria.

Akapokea mwanamke nisiyemjua; namba ile sasa ilikuwa yake. Nikamwambia nimeokota roketi.

"Ya Verlin?"

"Unamjua?"

"Hupiga kila Jumapili baada ya kanisa, kuuliza kama kuna mtu amepiga kuhusu roketi. Namwambia bado. Halafu tunaongea, mara nyanya zangu, mara magoti yake. Juzi kanisimulia Dwayne alivyokuwa anamsukuma ili awahi yeye kupokea simu. Tulicheka. Mimi niko peke yangu hapa, bwana."

"Basi akipiga mwambie imepatikana."

"Nitamwambia," akasema. Kisha, polepole, "Hatapiga tena, sivyo?"

Nikamwomba asiseme kitu, nitampelekea mwenyewe Jumamosi.

Nimeligundisha pezi, na roketi iko juu ya kabati langu. Jumamosi mbili zimepita. Verlin bado anakuja malishoni, anatazama upande wa mtama, halafu ananiuliza kama nimeona chochote huko barabarani.

Namwambia bado.