Njia ya Mzunguko wa Silasi Masele

Nilipomwona Silasi Masele kwa mara ya kwanza nilidhani anawafurahisha wakubwa wa chama. Ulikuwa mwaka 1970, nami nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu na kupangiwa hospitali moja mjini Tabora. Yeye, daktari mkongwe na mtoto wa wafugaji wa Igunga, ndiye aliyekabidhiwa madaktari wapya, nasi tulimwita Mwalimu. Kila asubuhi alitupitisha mbele ya wodi ya daraja la kwanza bila kuingia, akatupeleka hadi baraza la nyuma, walikolala watu wa vijijini. Niliona ni siasa tupu.

Enzi za mkoloni daktari alianza kwa Wazungu, akaenda kwa Wahindi, akamalizia kwa Waafrika ikiwa nguvu bado anazo. Baada ya uhuru vibao viling'olewa na wodi zikaitwa daraja la kwanza, la pili na la tatu. Mzunguko wenyewe haukuguswa na mtu, mpaka alipokuja Masele.

Asubuhi moja tulimkuta barazani mfugaji wa Igunga aitwaye Ngollo, ameketi wima ukutani, blanketi kiunoni, jasho likimtoka. Kando yake alikaa mzee mwenye fimbo. Ngollo alisema tumbo linamsumbua kidogo.

Twalibu, daktari mwenzangu, mzaliwa wa mjini, hakuinama hata kumgusa. "Huyu atasubiri, Mwalimu. Watu wa machungani miili yao migumu. Angekuwa anaumwa kweli tungemsikia."

"Umelisoma wapi hilo?"

"Si jambo la kusoma. Kila mtu analijua."

Masele alimgeukia mzee. "Shikamoo, baba. Jikoni kuna uji. Nenda kanywe, nitakaa mimi na kijana wako."

"Marahaba. Uji mtupu?"

"Leo una sukari."

"Sukari! Basi kweli tumepata uhuru," mzee akasema, akajikokota kwenda.

Alipokata kona tu, Ngollo alijikunja, akatoa sauti ambayo sijaisahau. Masele alifunua blanketi. Kinenani palikuwa na uvimbe mgumu: ngiri iliyokuwa imeubana utumbo. Kufikia mchana utumbo ungeoza.

"Yule ni baba mkwe wake," Masele alisema, akimsaidia kulala. "Kwetu mwanamume halii mbele ya mkwe, wala hafunuliwi nguo. Wewe, Daktari, ukauita ukimya huo mwili mgumu. Waliojenga hospitali hii waliamini hivyo hivyo juu ya babu yako, ndiyo maana wakamweka mwisho. Haya, shika machela."

Twalibu alishika. Mzee aliporudi na kukuta mkeka mtupu aliuliza, "Mmemla mkwe wangu?" Ngollo alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Alipona, akarudi Igunga kwa miguu yake.

Sidai kwamba siku ile ilitubadilisha. Hata leo sina hakika ni mangapi ninayoyaona kwa mgonjwa kabla ya kumtazama. Ninachoweza kusema ni kwamba meneja mmoja wa shirika la umma, aliyelazwa daraja la kwanza, alilalamika kwamba anafikiwa saa tano. Masele aliitwa ofisini zaidi ya mara moja. Alijibu kwamba meneja ana kengele kitandani, na barazani hakuna kengele. Akaendelea hivyo mpaka alipostaafu na kwenda kufuga nyuki Ipole.

Mimi nilikuwa nimehamishiwa kusini. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na Twalibu, akanieleza ambalo sikulijua. Masele alikuwa ameugua na kuletwa Tabora. Alikataa daraja la kwanza, akalazwa barazani. Mzunguko ulimfikia baada ya adhuhuri, akiwa ameshakata roho. Wagonjwa wa jirani walisema hakulia. Tangu juma alilostaafu madaktari walikuwa wamerudia kuanzia mbele. Twalibu aliuliza ni nani aliyeamuru. Hakukuwa na amri. Wodi ya daraja la kwanza ndiyo iliyo karibu na mlango.