Kibarua cha zege Kinanira: neno "fata" lilivyohamia kwenye visigino

Wakuu, salaam kutoka Buja, yaani Bujumbura. Hii sikuhadithiwa. Nilikuwepo, waya mkononi, mdomo wazi.

Mimi ni fundi umeme. Wiki iliyopita nilikuwa site moja Kinanira, wanamwaga zege la ghorofa.

Huku zege hupandishwa kwa ndoo. Akina mama wanajipanga kwenye ngazi ya mbao, mkono kwa mkono. Kabla ya kuachia ndoo unapiga kelele "fata!", yaani shika. Asiyesikia, ndoo inamshukia. Hapo hakuna mchezo.

Sasa kuna dada wa Carama, Konsolata. Ni kiziwi, wala haongei. Kila asubuhi anakuja getini pamoja na vibarua wengine, kila asubuhi anarudishwa, na nyumbani watoto wanamsubiri alete chakula.

Siku hiyo chef, msimamizi wa site, akasema yale yale: "Uyu hasikie. Fata atasikia na nini? Mi sitaki kuzika mutu hapa."

Mama Inesi, kiongozi wa akina mama wa ndoo, akavua kandambili zake.

"Chef, atasikia na miguu. Na kama yeye apana, na sisi apana."

Mawingu yalishatanda mlimani, na zege na mvua haviivi chungu kimoja. Chef akanung'unika, akafungua geti.

Wakuu, wote wakavua viatu!

Badala ya kusema "fata", kila mmoja alikanyaga ubao kwa kisigino ndipo aachie ndoo. Konsolata, katikati ya ngazi, anausikia mtikisiko kwenye nyayo, anageuka, anadaka. Site nzima kimya, visigino tu, du, du, du, ndoo zinapanda. Nilisahau kabisa mabomba yangu ya kupitishia waya (bosi wangu kama uko humu, pita tu).

Haikudondoka hata ndoo moja. Mvua ilipofika, tulishafunika.

Kesho yake getini vibarua wamejaa, kila mtu "chef! chef!"

Chef akatoka, akapiga kisigino chini. Konsolata hakugeuka. Udongo si ubao jamani! Watu wakacheka, na chef mwenyewe akacheka.

Kisha akawapita wote waliokuwa wakimwita, akasimama mbele ya yule asiyeweza kumwita, akampa ndoo ya kwanza.

Nilichojifunza: kuna mtu ananyimwa kazi kwa sababu ya neno moja tu, na neno linaweza kuhamishwa.

Kwenu kazini, nani bado yuko nje ya geti? Semeni, nasoma.