Nilimkana Zaina Nikidhani Niko Dunia Nyingine

Kosa ni langu, silisukumi kwa mtu. Niliamini kwa moyo wote kwamba ukungu ukishuka pale njia panda ya msituni, juu ya kijiji cha Gare, ukashika njia ya kushoto, unatokea dunia nyingine, kwenye yale maisha uliyoyaacha ulipochagua haya!

Niliyasikia kwa kinyozi. Nami, msomi wa masomo ya jioni, niliyefaulu fizikia hadi mwalimu akatokwa machozi, nikayapigia hesabu kichwani: inawezekana!

Siku hiyo mshenga wangu, Mzee Shemdoe, alikwenda Gare kuniposea Zaina, binti niliyesoma naye hayo masomo. Kwa mila zetu mwanamume anayeposa hubaki nyumbani mpaka jibu lirudi. Ukweni kwenyewe nilikuwa sijawahi kukanyaga. Lakini roho haikutulia. Je, kama ningemchagua Hadija, yule binti wa kijiji cha Malindi niliyemwacha, ingekuwaje? Nikasema ngoja nikachungulie upande wa pili, nitarudi kabla ya jibu.

Jamani, ukungu ule! Ungeukata kwa panga ukajaza magunia. Nikashika kushoto. Nikaanguka, nikainuka, mara naona nyumba, wazee wamekaa mkekani, na katikati yao Mzee Shemdoe!

Moyo ukaruka. Nimefika! Huku ananiposea Hadija!

"Shikamooni!"

"Marahaba," akaitikia mama mmoja. "Nani wewe, baba?"

"Mimi ndiye mkwe!"

Mzee Shemdoe akakohoa kama aliyepaliwa. "Mwanangu, rudi nyumbani."

Wapi! Mdomo ulishafunguka.

"Nimetoka dunia ile nyingine, mama. Kule nilikuwa nang'ang'ania kumwoa Zaina. Zaina! Mdomo kama kipaza sauti, na ugali wake ukimrushia ng'ombe anazimia! Huku nimepona. Nipeni Hadija wangu!"

Mzee Shemdoe akavua kofia, akajifunika uso.

Posa ilikataliwa palepale. Na Hadija? Ana mume na watoto, dunia hii hii!

Ndugu zangu, moyo ukisitasita, mwambie mwenzio usoni. Usiende kuuliza ukungu! Mimi nimebaki na ugali wa kujisongea, na huo ndio ungewazimisha ng'ombe kweli.

Lakini siku ile, kabla sijaondoka, Zaina alitoka jikoni, mwiko mkononi. Hakunipiga. Afadhali angenipiga!

"Kaka," akasema, yule aliyeniita mpenzi jana yake, "dunia ni hii moja. Njia ya kushoto inakuja nyumbani kwetu."