Spika za Baba Kule Homa Bay

Harufu ya gundi ya mbao ikinipata popote, hata leo, masikio hunisimama. Baba yangu alikuwa seremala pale Suna, na miaka ile ya tisini alitengeneza makasha ya spika kwa mbao za mvule. Hakuamini futi ya kupimia peke yake. Alinikalisha kwenye stuli mbele ya spika mbili, akaniambia nifumbe macho, kisha akaweka kaseti ya benga na kuuliza, "Akinyi, gitaa la solo liko wapi?" Nilinyoosha kidole. Kidole kikisita, alisogeza spika au akaongeza sufi ndani ya kasha, mpaka mwimbaji asimame katikati na ngoma zikae nyuma yake, kama wageni waliokuja nyumbani kwetu kweli.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Mzee Okelo, mwenye hoteli kule Homa Bay, alipomwita Baba alete jozi moja. Akizipenda, angeagiza nyingine za hoteli zake zote. Tulipofika tulikuta ameshapanga jozi kutoka Nairobi, ndefu kunizidi, zenye taa nyekundu. Wateja waliacha samaki wao wakageuza viti.

Za Nairobi zilitangulia. Besi ilipiga hadi sahani zikatetemeka, na watu wakapiga makofi. Lakini, nawaambia ninyi, ilikuwa besi isiyojua kunyamaza. Noti moja haijaisha, nyingine imeshaikalia, na mwimbaji amezama humo humo. Zikafuata za Baba. Besi yake ilikuwa ndogo, ila ulisikia kila uzi ulipoguswa na ulipoachwa.

"Hizi zinanong'ona," Mzee Okelo akasema. Watu wakacheka. Baba akatazama viatu vyake.

"Jaduong', zile kubwa zinadanganya," nikasema, nikimwita kwa heshima iliyostahili umri wake.

"Nani amemuuliza mtoto?" akafoka Mzee Okelo.

"Fumbeni macho, kisha muonyeshe mwimbaji yuko wapi."

Walikubali, nadhani ili wanicheke zaidi. Kwa spika za Baba, vidole vyote vilielekea mahali pamoja, pale patupu kati ya makasha mawili. Kwa zile kubwa, mmoja alionyesha kushoto, mwingine dari, na mama wa jikoni akaonyesha mlango. Walipofumbua macho walicheka tena, safari hii si mimi waliyemcheka.

Mzee Okelo hakucheka. "Baba Akinyi, mwambie nyathini, mtoto wako huyu, aniombe msamaha kwa kusema zile kubwa zinadanganya. Halafu tutaongea mambo ya kazi."

Baba akaanza kuchomoa nyaya zake, moja moja, akizikunja vizuri. Tukabeba makasha tukaondoka.

Hadi Suna hakusema neno. Nililia kimya nikiamini amenikasirikia, lakini msamaha sikuomba, hata kwake.

Mzee Okelo alitaka muziki usikike hadi barabarani, na kwa hilo alifanya sawasawa kununua zile za Nairobi. Namkubalia. La mwimbaji simkubalii mpaka kesho. Na kimya cha Baba nilikuja kukielewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa mkononi mwake, na kilichotakiwa ni mimi niseme kwamba sikusikia nilichosikia. Hakuniambia niseme hivyo.