Mkanda wa Kinu cha Belobaka

Baba yangu, Tadjiddine, alikiua kinu cha Belobaka, nami nasema hivyo ingawa ndiye aliyenilea. Hakukichoma wala hakukivunja. Aliondoka na mkanda wake.

Kilikuwa kinu cha kukoboa mpunga, nje kidogo ya mji wa Mahajanga, Madagaska, na baba alikuwa fundi wake tangu ujana. Injini ilizungusha mashine kwa mkanda mmoja mpana wa ngozi. Wafanyakazi, karibu wote Wangazija kama sisi, walikuwa na desturi yao: akifiwa mmoja wao, mkanda unavuliwa na kuwekwa nyumbani kwa mfiwa siku tatu, ili kinu kisingurume watu wakiwa matangani. Mwenye kinu, Mhindi mpole, alivumilia.

Desemba 1976 shangazi yangu alifariki, mkanda ukaletwa kwetu, mtaa wa Ampisikina. Siku ya pili ya matanga mji ukatugeuka. Wangazija wakasakwa nyumba kwa nyumba na kuuawa. Tulikimbia na nguo za mwilini. Baba alibeba mkanda begani. Mimi, mwenye miaka tisa, nilitembea.

Tukaishia kisiwani Nosy Be, kwa mjomba. Baba akapata kazi ya kufagia kiwanda cha sukari, yeye aliyezoea kuitwa fundi. Kila Ijumaa aliupaka mkanda mafuta ya ng'ombe usipasuke. Alitaka kitu kimoja tu: kurudi kuufunga mahali pake kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 1978 baharia mmoja alituletea barua. Aliyeiandika ni Madi, Msakalava, mwenyeji wa kule, aliyekuwa msaidizi wa baba. Mwenye kinu alikuwa akiuomba mkanda, maana vipuri haviingii tena nchini na mpunga umejaa ghalani. "Kama unaogopa kuja, fundi, utume tu."

Mama akautia kwenye gunia siku hiyo hiyo. Baba akalifungua.

"Mkanda ukienda peke yake," alisema, "mimi wataniitia nini?"

"Basi nenda nao," mama akamwambia.

Hakwenda. Aliogopa, na woga huo naujua, kwani hata mimi nilikuwa bado najificha uvunguni nikisikia kelele za watu wengi. Lakini kutoutuma hakukuwa woga. Kilikuwa kiburi, na mpaka leo nina hasira naye. Alijibu kwamba atakuja baada ya Ramadhani. Ramadhani nne zikapita.

Mwaka 1982 akajikaza, tukasafiri mimi na yeye, mkanda begani pake. Tulikuta paa la kinu limeng'olewa. Injini ilikwisha kuuzwa Marovoay, mashine zimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mwenyewe amehama. Madi alimkumbatia baba, akatukaribisha kwake kula. Uani wanawake watatu walikuwa wakitwanga mpunga.

"Walianza kutwanga wakikusubiri," Madi alisema, bila ubaya wowote. "Miaka miwili ya kwanza waliniuliza habari zako kila siku. Sasa wameshazoea."

Baba alikula matonge mawili, akanawa.

Tukiwa njiani kurudi Nosy Be aliniuliza kama ni kweli Madi alisema kila siku. Nikamjibu ndiyo, kila siku. Akanigeuzia mgongo akalia, nami sikumbembeleza.