Ngoma ya Theopista kwenye Jalada

Theopista hakuomba kupiga ngoma. Jumapili moja mpiga ngoma wa kwaya ya Kibaoni alikuwa ameshahamia Majimoto kufuata mashamba ya mpunga, padre akafika kwenye wimbo wa Utukufu, na ngoma imekaa kimya. Theopista akatoka kwenye safu ya sauti ya kwanza, akaiendea. Tatizo likawa namna ya kuishika. Wanaume huibana kwa mapaja. Mama wa watu, tena kanisani, atafanyaje hivyo? Akafungua kitenge chake cha juu, akaifunga ngoma ubavuni kama abebavyo mtoto, akaanza kupiga. Wazee wakageuza shingo. Baada ya misa hakuna aliyemgombeza, maana vigelegele vilikuwa vingi mno.

Tangu siku hiyo ngoma ikawa yake. Mumewe Kasimiri, baba Getrude, aliyekuwa akiimba sauti ya nne, alitaniwa sana kilabuni.

"Kwako nani anavaa suruali?"

"Suruali ninayo mimi," hujibu Kasimiri. "Mikono kama ile sina, na wewe huna."

Mwaka 1996 kwaya ikaamua kurekodi kanda. Wakapanda lori mpaka Mpanda mjini, wakaingia kwenye chumba kilichotundikwa magodoro ukutani, wakaimba mpaka makoo yakakauka. Ngoma ikaingia vizuri, hata fundi wa mitambo alikuwa anatikisa kichwa peke yake. Kesho yake ikabaki picha ya jalada.

Mpiga picha alikuwa kijana mwenye miwani ya jua. Akawapanga: akina mama mbele na maua ya karatasi mkononi, wanaume nyuma na kinanda. Alipofika kwa Theopista akacheka.

"Mama, hiyo ngoma mpe baba mmoja hapo. Wewe shika ua."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Haipendezi. Angalia kanda zote dukani. Mwanamke anatabasamu, mwanaume anashika chombo. Ukikaa hivyo watu wataona kioja, hawatanunua."

Mwalimu wa kwaya, Yohani, akakuna kidevu. "Mama Getrude, ni picha tu. Baba Getrude atakushikia."

Picha tu! Theopista akaitazama kamera. Picha ile ingefika mahali ambapo yeye hatafika maisha yake yote, na huko mabinti wa watu wangeitazama na kuamini kwamba ile kazi ni ya mwanaume. Lakini hakuwa mtu wa kubishana. Akafungua fundo la kitenge, akampa mumewe ngoma, akapokea ua.

Kasimiri akakaa, akaibana. Kamera ikainuliwa.

"Mzee, tabasamu!"

"Nitatabasamuje nimeshika kitu cha wizi?"

"Wizi gani tena? Si cha mkeo?"

"Ndiyo maana nasema wizi."

Akina mama wakaangua kicheko. Hapo Theopista naye akapata sauti.

"Mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Amri ya nane inasemaje?"

"Usiseme uongo," Yohani akajibu, na papo hapo akaona swali linakwenda wapi.

"Kwenye kanda watasikia mikono yangu. Kwenye karatasi wataona ya baba Getrude. Sasa tunamwimbia Mungu, halafu wimbo wake tunaufunika kwa jalada la uongo?"

Rozalia, aliyesimama jirani yake, akaliweka ua lake chini. "Hata mimi hili ua silijui. Tangu lini nyie mmeniona naimba na ua?" Mwenzake wa kushoto akaweka lake, na wa kulia, mpaka chini kukawa kama kaburi la tajiri.

Yohani akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa akafurahi. "Mpeni mama ngoma yake. Na asimame katikati."

"Msipouza msinilaumu," mpiga picha akanung'unika, akabonyeza.

Kanda zikafika soko la Kashaulili, pale Mpanda mjini, kabla ya Noeli. Theopista alipokwenda kuziona, alikuta spika ya Felisiani, muuza kanda, inaunguruma wimbo wao na watu wamejazana. Mfugaji mmoja mwenye fimbo ya ng'ombe alikuwa ameshika jalada, analigeuzageuza.

"Huyu mama wamemshikisha tu, picha ivutie," akasema. "Haya makofi ni ya mwanaume. Mwanamke hapigi hivi."

"Muulize mwenyewe," Felisiani akamjibu. "Huyo nyuma yako."

Mfugaji akageuka. Akamtazama Theopista kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Huyu? Acha utani!"

Theopista angeweza kuinamisha kichwa, akapita zake. Lakini pembeni kulikuwa na debe tupu.

"Naliazima kidogo, kaka," akamwambia Felisiani, akaligeuza.

Wimbo ulikuwa unaingia kwenye kiitikio. Akadakia hapo hapo, kofi kwa kofi na ile ngoma ya kwenye spika, mpaka usijue kipi bati na kipi ngozi. Muuza dagaa akapiga kigelegele. Upande wa mitumba wakakipokea. Mfugaji akaiweka fimbo kwapani, na mabega yake yakaanza kwenda yenyewe.

"Kumbe ni yeye!" akapiga kelele. "Ni mama huyu huyu, jamani! Nipe hiyo kanda, mke wangu aione."

Wimbo ukaisha, watu hawakuondoka.

"Rudisha mwanzo, Felisiani," wakasema. "Na mama apige tena."

Felisiani akarudisha. Theopista akakaza kilemba, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akainua mikono yote miwili.